Siku moja maishani mwangu: nesi wa saratani, Ocean Road

Saa 1:30 asubuhi. Napokea zamu hapa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mabenchi yameshajaa, wengine wamefika na mabasi ya mikoani. Naitikia shikamoo huku natazama nani leo kaja ameshikiliwa.

Saa 2:00. Majibu ya damu. Chembe nyeupe, zile zinazopigana na maambukizi, zikiwa chini, dozi ya kemo (dawa za kuua seli za saratani) inaahirishwa, na hapo ndipo wagonjwa wanapotuficha mambo. Wanaogopa kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo siulizi "unaendeleaje?", maana nitajibiwa "nzuri tu". Nauliza: "Mama, usiku ulitetemeka? Ulijifunika mablanketi mangapi?" Homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo ni dharura, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe zinapokuwa chini kabisa. Usimpe panadol ukamwambia aje kesho.

Saa 4:00. Manesi wawili tunasoma kwa sauti jina, dawa na kipimo. Doksorubisini, dawa ya kemo nyekundu kama juisi ya rozela, inapoingia sibanduki. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Mgonjwa akisema tu "sista, panawaka", nafunga dripu papo hapo. Kanula, kile kimrija cha mshipani, siitoi, kwanza navuta kwa sirinji dawa iliyobaki, kisha namwita daktari. Mgonjwa namweleza pia kwamba mkojo utakuwa mwekundu, asije akadhani ni damu.

Saa 6:00. Bibi mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Anapigwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, na sisplatini, dawa nyingine ya kemo, mara moja kwa wiki. Baadaye mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa ukeni kwa muda kisha hutolewa. Sisplatini huumiza figo, hivyo namwekea maji ya kutosha na kupima kiasi cha mkojo wake. Ananinong'oneza: mionzi haitawadhuru wajukuu? "Hapana bibi, haibaki mwilini. Wapakate."

Saa 8:00. Kijana anakataa baba yake apewe morfini ya maji. "Si dawa ya wanaokufa hiyo?" Nakaa naye chini. Ni dawa ya maumivu, huanza kwa dozi ndogo kila baada ya saa 4, na huambatana na dawa ya kulainisha choo. Natamani kila nesi wa zahanati awe na maneno haya mdomoni, kwa sababu wagonjwa wanarudi kwake, na wengi wanavumilia maumivu yanayotibika.

Saa 9:30. Nakabidhi zamu. Yule mzee kameza dozi ya kwanza. Mwanawe ameandika saa ya dozi ya pili kwenye simu.