Chambo cha Perege na Kambale Wakati wa Joto la Kusini

Kuanzia mwezi wa Oktoba hadi mvua za kwanza zinapoanza, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, Lindi na Mtwara huwa na joto kali, na maji ya Ziwa Rutamba, kama yalivyo ya mabwawa mengine ya huku Kusini, hupungua kina na kupata moto hata penye kivuli cha matete. Huu ndio wakati ambao wavuvi wa mshipi hubishana zaidi kuhusu chambo, kila mmoja akiapa kwamba chake ndicho kinachonasa. Maoni yangu ni kwamba chambo huchaguliwa kwa kutazama mdomo wa samaki unayemtaka na hali ya maji kwa saa ile, na mengi yanayosemwa nje ya hayo mawili ni mazungumzo ya kijiweni.

Tuanze na maji. Maji yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita moja, lakini yakifika nyuzijoto 30 hubeba kama 7.5 tu. Zaidi ya hapo, mimea ya majini hutumia oksijeni usiku kucha bila kutengeneza nyingine, kwa hiyo penye majani mengi oksijeni huwa chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Watu husifia alfajiri, nami napenda ubaridi wake, lakini kwenye ghuba zilizojaa majani perege huanza kudonoa vizuri baada ya jua kupanda, kuanzia saa mbili hivi za asubuhi, wakapoa mchana wa jua kali na kurudi tena kuanzia saa kumi. Mtu aliyetupa mshipi saa kumi na moja alfajiri akaambulia patupu hana sababu ya kumwaga chambo chake, asubiri kwanza.

Perege hula zaidi mwani, viumbe vidogo vinavyoelea majini na mabaki ya mimea yaliyooza, na mdomo wake ni mdogo. Hanyang'anyi chakula, hukinyonya, hukionja, na akihisi kitu kigumu hukitema papo hapo. Kwa sababu hiyo chambo laini na kidogo kwenye ndoano ndogo, namba 10 au 12, hushinda kipande kikubwa kwenye ndoano kubwa. Anayeanza akumbuke kwamba katika hesabu hii namba inapopanda ndoano huwa ndogo zaidi, jambo linalowafanya wengi warudi na ndoano isiyofaa kutoka dukani.

Chambo ninachokiamini kuliko vyote kwa perege wa wakati wa joto ni ugali wa muhogo, ambao kwa bahati nzuri hautafutwi mbali katika mikoa hii. Ugali wa mahindi hukatika upesi ukilowa, lakini wa muhogo huvutika na kung'ang'ania. Upike uwe mgumu kuliko wa kula, uache upoe, kisha uukande upya kwenye kiganja pamoja na dagaa wakavu waliotwangwa hadi wakawa unga, ukiendelea mpaka donge liache kunata vidoleni. Baadhi ya watu huchanganya nyuzi kidogo za pamba au sufi ili donge lisivunjike linapotupwa, na ni mbinu nzuri. Chukua kiasi cha punje ya kunde, kivingirishe, kisha uchomeke ndoano kiasi kwamba ncha yake ibaki karibu sana na uso wa donge. Ukiizika ndani kabisa, boya litacheza, utavuta, na utapata ndoano tupu.

Nyungunyungu nao ni chambo kizuri, ila wakati wa ukame huzama chini sana ardhini, na kuwatafuta shambani ni kujichosha. Chimba penye unyevu wa kudumu, kama vile chini ya migomba au pale maji ya bafu yanapotiririkia. Waweke kwenye kopo lenye udongo mbichi na majani, kopo likae kivulini, kwa maana wakipigwa na jua muda mfupi tu hulegea na kufa, na nyungunyungu asiyejinyonganyonga humvutia perege kidogo sana. Kipande kifupi kinatosha. Kumtia mzima ni kuwalisha samaki bure.

Kambale ni mambo mengine kabisa. Anaweza kupumua hewa ya juu ya maji, hivyo upungufu wa oksijeni haumsumbui kama unavyomsumbua perege, na hutafuta chakula zaidi usiku, akiongozwa na harufu na zile sharubu zake. Siku moja nilimkuta mzee mmoja akikatakata sabuni ya mche vipande vya mraba kando ya mshipi wa ndoano nyingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamuuliza kama kweli kambale anakula sabuni.

"Mwanangu, hali sabuni, anafuata mafuta," alinijibu bila kuacha kazi yake. "Na utumbo wa kuku ukikosekana, hii haiozi njiani."

Mzee alikuwa na hoja. Hata hivyo mimi hupendelea utumbo wa kuku au kichwa cha samaki wa baharini kilichokaa siku nzima, kwa kuwa harufu yake husambaa mbali zaidi kwenye maji ya moto. Chubwi liwe zito ili chambo kilale chini, na ndoano iwe kubwa na imara, maana mdomo wa kambale ni mpana na mapambano yake si ya mchezo.

Kuhusu chambo bandia, yaani vijiko vya bati vinavyozunguka, visamaki vya plastiki na nyungunyungu wa mpira wanaouzwa mtandaoni, sina budi kusema wazi kwamba vingi vilibuniwa kwa ajili ya samaki wawindaji wanaofukuza samaki wenzao. Huko Ziwa Victoria chambo kinachokokotwa nyuma ya boti humnasa sangara, naye ni mwindaji hasa. Perege hafukuzi hivyo. Dume linalolinda kiota chake ukingoni linaweza kukigonga kijiko kidogo kwa hasira, lakini kumvua samaki aliye kwenye kiota si uvuvi wa kujivunia. Jike nalo, likishataga, hubeba mayai na watoto mdomoni na kuacha kula kwa siku kadhaa, kwa hiyo hakuna chambo cha duka wala cha jikoni kitakachomshawishi. Ukimpata jike mwenye vitoto mdomoni kwenye wavu, mrudishe majini taratibu.

Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi hutoka kwa wingi jioni na kuanguka juu ya maji, na perege huinuka kuwala. Hapo donge la muhogo lipumzike: ondoa chubwi, tia kumbikumbi mmoja aliyekatwa mabawa kwenye ndoano namba 12, na uache mshipi uelee. Maji yanapochafuka kwa tope, kambale huhamia kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya ili kutaga, na mishipi ya usiku iliyotegwa kwenye kina kirefu hubaki bila kuguswa.