Lenzi niliyopanda nayo helikopta Dodoma

Mzee mmoja mwenye shamba la zabibu upande wa Hombolo alinilipia kiti kwenye helikopta nimpigie picha za shamba na bwawa. Wapiga picha wenzangu wakanishauri nibebe lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, ya milimita 70-200, eti huko juu kila kitu kiko mbali. Mimi nikampigia rubani kwanza. Akasema tutaruka kama futi 1,000 kutoka ardhini, yaani mita 300 hivi, na mlango wa upande wangu utatolewa.

Hapo nikashika kalamu. Kihisi cha kamera yangu, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kina upana wa milimita 36. Gawa 36 kwa urefu wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake), zidisha kwa umbali, unapata upana wa ardhi unaoingia kwenye picha. Kwa lenzi ya milimita 24, ukiwa mita 300, ni mita 450. Kwa 70 ni kama mita 154. Kwa 200 ni mita 54 tu; shamba la mzee lisingeenea hata robo. Ukipiga kwa mshazari umbali unaongezeka, lakini hata hivyo 200 ilikuwa inabana mno. Tena lenzi ndefu inakuza kila mtikisiko, na ukiitoa nje kidogo upepo unaisukuma.

Lenzi pana sana, 16-35, nayo niliikataa. Hiyo inaingiza mapanga na miguu ya helikopta kwenye picha, na majabali ya Dodoma yanabaki vichuguu.

Nikachagua 24-105 yenye f/4 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Wapo wanaoapa kwa 24-70 ya f/2.8, ila sioni faida yake mchana wa Dodoma: jua lipo la kutosha, na toka juu kule kila kitu kiko mbali kiasi kwamba huhitaji kufifisha nyuma. Niliweka f/5.6, kasi ya shata 1/1600 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikajipanga yenyewe. Chini ya 1/1000 nisingethubutu.

Kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua mbele yake, niliiacha nyumbani kwa sababu upepo unaweza kuing'oa, na kitu kikichomoka kikafika kwenye panga la mkiani ni hatari kwa wote. Begi pia lilibaki chini. Kubadilisha lenzi mlango ukiwa wazi? Hapana. Kamera ilifungwa mkanda, nami sikuegemeza kiwiko kwenye fremu ya mlango, maana mtikisiko wa injini unapitia hapo hadi kwenye picha.

Kama mlango usingetolewa, ningevaa shati jeusi kupunguza mng'ao kwenye kioo, na polaraiza, kichujio cha kupunguza mng'ao kinachofungwa mbele ya lenzi, ningeivua: madirisha ya plastiki yanatoa mabaka ya rangi ukipiga nayo.

Tulipanda asubuhi ya Aprili. Mvua zilikuwa zimeosha hewa, na jua la chini likatoa kivuli kwa kila mstari wa mizabibu. Ukisubiri Septemba utapiga vumbi na moshi, hata uwe na lenzi ya bei gani.

Nilipochuja picha, nyingi zilizobaki zilikuwa kati ya milimita 35 na 70. Mwenye kamera ya APS-C, yenye kihisi kidogo zaidi, atumie hesabu ile ile, ila mahali pa 36 aweke 23.5 hivi, 16-50 ya kawaida inamtosha, na hiyo wengi tayari wanayo.