303 ya vita kwa koyoti wa Kansas: mimi nilivyoifanyisha kazi

Nimechoka kuambiwa ati huwezi kuwinda koyoti bila ile bunduki nyeusi ya kisasa, skopu ya bei ya ng'ombe wawili na kifaa cha kuona gizani. Mimi natumia Lee-Enfield No. 4 ya 303, yaani kaliba ya inchi .303, bunduki ya Vita vya Pili, haina skopu, na mzee mwenye ranchi ninakowinda huku Flint Hills, Kansas, ndiye hunipigia simu mwenyewe ng'ombe wake wakikaribia kuzaa. Sasa tuongee.

Kwa nyinyi mlio nyumbani ambao hamjamwona huyu mnyama, koyoti ni wa ukoo mmoja na bweha wetu ila ni mkubwa zaidi, kilo 12 hadi 16 hivi kwa wale ninaowapata mimi, na akili anayo ya kutosha na ya kukopesha. Kazi yake zaidi ni panya na sungura, lakini akikuta ndama amezaliwa usiku na mama yake bado hajasimama vizuri anajaribu bahati. Kansas inaruhusu kumwinda mwaka mzima, bora uwe na laisensi na ruhusa ya mwenye shamba, na hiyo ruhusa ndiyo ngumu maana karibu ardhi yote huku ni ya watu binafsi. Mimi nilienda mchana, bila bunduki, na kontena la mandazi. Sisemi zaidi.

Kwa nini 303? Babu. Alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Mwingereza, wakampeleka Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua ya 1944 mpaka wakafika mto Chindwin, na ya vita yenyewe hakutusimulia sana ila ya bunduki alisimulia mpaka tukawa tunasinzia. Sasa nikaikuta dukani, imesimamishwa kwenye kona, dola mia sita na ushee, na ubavuni imepigwa mhuri U.S. PROPERTY. Hapo nikashangaa, bunduki ya Mwingereza na mhuri wa Marekani wapi na wapi, kumbe kampuni ya Savage ilizitengeneza zaidi ya milioni moja kule Chicopee Falls, Massachusetts, kwa ule mpango wa Marekani wa kuwaazima washirika wake silaha. Yaani imezaliwa hapa, ikavuka bahari, ikarudi, halafu ikachukuliwa na mjukuu wa keya kutoka Voi. Nililipa bila kuomba punguzo na mimi si mtu wa kutoomba punguzo.

Taabu ikaanza na jamaa wa dukani. Nimeshalipa tu akaniambia hiyo bila skopu ni ya kutundika ukutani. Akanitolea maunti ya chuma, kile kishikio cha skopu, ile ya kufunga bila kutoboa bunduki, unang'oa lile tundu la nyuma la kulengea halafu unafunga maunti mahali pake kwa skrubu, mia moja na kitu pamoja na pete zake, na skopu mia mbili nyingine. Haya. Sasa sikilizeni maajabu. Kitako cha No. 4 kimechongwa kwa mtu anayelenga jicho likiwa chini karibu na chuma, skopu ikikaa kule juu shavu linaning'inia hewani halishiki mbao, kila ukilenga unaanza kutafuta picha na unachokiona ni kivuli cheusi kinachezacheza pembeni. Nikakata sponji ya godoro nikaifunga kwa kitako na tepu nyeusi ya stima, mama watoto akaniuliza kama bunduki imeteguka. Nikaenda reinji, uwanja wa kupigia shabaha. Risasi tatu za kwanza zikakaa pamoja safi kabisa, nikajipongeza, tatu zilizofuata zikahamia kushoto, nikarekebisha, zikahamia juu, nikakaza skrubu, nikapaka ile gundi ya bluu ya skrubu, nikangoja ikauke mpaka kesho yake, na bado ukishapiga risasi kumi hivi maunti imesogea unywele, na unywele hapo kwenye chuma ni shubiri nzima kule yadi 100. Halafu skopu yenyewe imekaa juu ya mlango wa risasi kwa hivyo ile raha ya kushindilia risasi tano kwa mpigo na klipu hakuna tena, unachomeka moja moja kwa vidole, na Januari asubuhi Kansas vidole si vyako. Nikarudi kwa jamaa. Akaniambia, bila aibu, dawa ni kutoboa, umpelekee fundi atoboe ubavuni. Kutoboa! Hitler ameiacha nzima halafu wewe unataka kuitoboa. Nikamtakia siku njema.

Skopu niliiuza kwa hasara na nikarudisha lile tundu la nyuma mahali pake, na hapo ndipo uwindaji ulipoanza. No. 4 ina tundu la kulengea la nyuma la aina mbili, ukiisimamisha ile ngazi unapata katundu kadogo ka kupima kuanzia yadi 200 hadi 1300, ukiilaza unapata tundu kubwa la vita lililowekwa kwa yadi 300. Wataalamu wa mdomo watakwambia kadogo ndiko sahihi zaidi. Ni kweli saa sita mchana. Koyoti anakuja alfajiri, mwanga ni wa kuhesabu, ukichungulia kwenye kadogo unaona giza, lakini lile kubwa linaingiza mwanga wote na jicho lenyewe linajiweka katikati bila wewe kuhangaika. Tatizo ni moja, kwa sababu limewekwa kwa 300, ukipiga yadi 100 risasi inapanda karibu shubiri juu ya ulipolenga. Kwa askari sawa tu, kifua cha mtu ni kikubwa. Kwa koyoti umepiga hewa juu ya mgongo. Dawa ni kubadilisha kile kijino cha kulengea cha mbele, pale kwenye ncha ya mtutu, vinauzwa vya urefu mbalimbali na vina namba, hela ndogo tu, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, ukitaka risasi ishuke unaweka kijino KIREFU zaidi, siyo kifupi. Halafu nikachukua rangi nyeupe ya kucha ya mama watoto nikapaka tone moja nyuma ya kijino. Kinaonekana hata kukiwa na ukungu. Chupa hajaiulizia mpaka leo.

Risasi sasa. Zile za jeshi za zamani zenye koti gumu msizitumie kwa mnyama, zinapita moja kwa moja, mnyama anakimbia na kidonda, na ardhi ikiwa imeganda risasi inaweza kudunda ikaenda kumtafuta jirani. Tena nyingi fataki zake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, zina chumvi inayokula mtutu, ukizipiga reinji ukirudi umwage maji yanayochemka ndani ya mtutu kabla ya mafuta, hata babu alisema hivyo. Za dukani za ncha laini zenye kichwa cha greini (kipimo cha uzito) 150 au 180 zinaua vizuri sana ila boksi la 20 siku hizi ni hamsini hamsini hivi na koyoti hahitaji zote hizo. Mimi nalodi mwenyewe, yaani najaza upya ganda lililokwisha kupigwa, na kichwa cha Hornady V-Max cha greini 123, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya risasi za AK, upana wake ni inchi .310. Hapo tena walimu wakajitokeza, ati mtutu wa Savage wa wakati wa vita una mifereji miwili badala ya mitano, ati 303 inataka .311 au .312, ati zitatawanyika. Kwa bunduki nyingine labda. Yangu yadi 100 zinakaa ndani ya kiganja changu kwa macho matupu, na mimi navaa miwani. Jaribu yako kwa karatasi, usijaribie kwa mnyama.

Lakini kulodi 303 kuna mtego na huu ndio niliutaka kuwaambia toka mwanzo. Chemba za hizi bunduki, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, zilichongwa pana makusudi ili risasi yenye matope ya vita iingie tu. Ganda likilipuka linatanuka kujaza ile nafasi. Sasa kila mtu akanifundisha, rudisha ganda lote kwenye dai, ile kalibu ya chuma ya kulibana, mpaka liwe saizi ya kiwandani, ndiyo usalama. Nikafanya. Asubuhi moja koyoti dume amekuja, yadi 70, nikamlaza, mara wa pili huyu hapa nyuma yake kasimama wazi kabisa. Navuta bolti, lile komeo la bunduki, narudisha, risasi inagoma kuingia. Nasukuma, inagoma. Naangalia ganda lililotoka, ni nusu! Nusu ya nyuma imetoka na nusu ya mbele imebaki imejibana ndani ya chemba. Koyoti akanitazama nikigombana na chuma, akatazama gari, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Nyumbani nikaitoa kwa brashi ya shaba ya kaliba kubwa zaidi, unaisukuma kutoka nyuma mpaka nywele zake zipite mdomo wa ganda halafu unavuta kurudi nyuma, linafuata. Yaani kila unapolibana ganda lote na kulipiga tena shaba inavutika palepale juu kidogo ya kitako cha ganda, mwishowe inakatika kama ilivyokatika.

Wakaja na ushauri mwingine, badilisha kichwa cha bolti, kwa maana No. 4 ina vichwa vya namba 0 mpaka 3 vya kurekebisha mwanya unaobaki kati ya bolti na ganda. Fundi akapima kwa geji, mwanya wangu uko sawa. Aliyenitoa shimoni ni mzee mmoja wa pale reinji, mtulivu, hata hakuwa anatupa macho. Akaniambia nunua oringi. Wale wa jenereta na pampu za maji mnazijua, vile vipete vya mpira. Unachukua nyembamba inayobana, unaivalisha ganda JIPYA mpaka ikae mbele ya ukingo wa kitako, unapiga hivyo mara ya kwanza. Ule mpira unalisukuma ganda nyuma ligande kwenye uso wa bolti, kwa hivyo likitanuka linatanuka mbele, bega linaenda kujichonga kwa umbo la chemba yako, na kule kitakoni hakuna kuvutika. Baada ya hapo usiliguse tena mwili, unabana shingo tu, na halitumiki kwenye bunduki nyingine. Pakiti ya oringi ni dola chache kwenye duka la vifaa vya bomba na ile ileile unairudia. Maganda yangu sasa sikumbuki yamezunguka mara ngapi. Lakini bunduki ipimwe kwanza, mpira si dawa ya bunduki mbovu, na miwani vaa.

Kuwinda kwenyewe hakuna uchawi. Spika ya sauti ya sungura anayelia naiweka mbele hatua thelathini arobaini, upepo unipige ubavuni, kwa sababu koyoti hapendi kuja moja kwa moja, anazunguka apate upepo wa kunusa, na pale anapozunguka ndipo nimeangalia mimi. Nakaa chini ya mti mmoja wapo, na kuwe na kilima nyuma ya koyoti, hiyo ndiyo muhimu maana risasi hii inaenda mbali sana. Zaidi ya yadi 150 simpigi, namwacha. Dakika ishirini kimya, nahama. Januari na Februari wanatafutana kuoana, hapo sauti ya koyoti mwenzake inawaleta kwa hasira. Na ukipakia magazini, ukingo wa kila risasi ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini yake, ukikosea zinashikana na utatukana lugha zote unazozijua.

Bunduki niliipeleka pia magharibi kwa wale kindi wa mashimoni, prairie dog, wanaoishi kijiji kizima uwanjani. Usijisumbue. Kile kijino cha mbele kinamfunika mnyama mzima ukilenga, unapiga kwa imani tu.

Na kama nia yako ni ngozi tafuta kaliba nyingine. Nilimpelekea mnunuzi moja, akaigeuza upande wa pili, akapitisha ngumi kwenye tundu la kutokea, akaniuliza kama nilitumia mzinga. Bei yenyewe imeanguka tangu kampuni za makoti zianze kuacha manyoya, kwa hivyo hasara ilikuwa ya soda. Mzee wa ranchi yeye hajali tundu, anahesabu ndama, na Desemba iliyopita alinipa robo ya ng'ombe iliyokatwakatwa tayari. Jamaa wa dukani naye aliponiona tena akaniuliza kama ile bunduki naiuza.

Nikamuuliza yeye bado anauza zile maunti.