Mjane wa Lukaya

Baba yangu mdogo alikufa Lukaya, nchini Uganda, mwezi Machi 1979, akiwa mwanamgambo na si mwanajeshi wa kudumu. Kabla ya vita alikuwa mvuvi wa Igombe, hapa Mwanza. Idi Amin alipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978 na kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni yake, mgambo waliitwa kwa maelfu kuliongezea nguvu Jeshi la Wananchi, naye akaenda, akimwacha mkewe na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni.

Walioandika habari za vita hivyo huitaja Lukaya kwa sababu barabara itokayo Masaka kwenda Kampala hukatiza kinamasi mahali hapo, na Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa wanamgambo, ilishambuliwa hapo tarehe 10 Machi na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya, ikasambaratika. Kesho yake ilijipanga upya, ikashirikiana na Brigedi ya 208 na kuutwaa mji. Kwetu habari hizo zilifika kwa kuchelewa sana. Mwishoni mwa mwezi huohuo, ndege ya Walibya iliyotumwa kuipiga Mwanza ilikosa shabaha na kuangusha mabomu kisiwani Saanane, yakaua swala, na mama mdogo anakumbuka kwamba siku hiyo alimwombea mumewe huko aliko, kumbe alikuwa ameshakuwa mjane.

Msiba ulikuwa wa matanga bila maiti. Yaliyofuata ndiyo ambayo, kwa maoni yangu, hatuyasimulii ipasavyo. Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua kwamba arithiwe na mmoja wa ndugu za marehemu, kama desturi ilivyokuwa, naye akawajibu kwa adabu zote kwamba mume wake hajamwona akizikwa, kwa hiyo hawezi kumpokea mwingine. Hoja hiyo iliwashinda (wazee wetu walikuwa wagumu, lakini hawakuwa watu wa kubishana na mfiwa). Nchi nayo ilikuwa imeingia katika ile miezi 18 ya kufunga mkanda, sabuni na sukari vikawa vitu vya kupangia foleni, na yeye akaanza kununua dagaa ufukweni alfajiri wangali wabichi, akiwaanika juu ya mchanga na kuwageuza kwa mkono kabla jua halijawa kali, kisha kuwapeleka sokoni Kirumba ndani ya gunia alilolishona mwenyewe. Mvua ikinyesha ghafla, mzigo mzima huoza na kuishia kuwa chakula cha kuku. Kwa biashara hiyo alisomesha watoto wote wawili, na mpaka leo kiganja chake cha kulia kina ngozi ngumu, nyeupe kwenye mikunjo.

Miaka mingi baadaye alipata nafasi ya kuvuka ziwa kwa meli usiku kucha mpaka Bukoba, na kutoka hapo kwenda Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo. Alisimama mbele ya mistari ile iliyonyooka, akamwambia binti yake, yule aliyezaliwa baada ya vita, "Baba yako hakupenda kupanga mstari, hata dukani." Kisha akaketi chini akalia, kwa mara ya kwanza, asema binti, tangu amfahamu.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais anapoweka mkuki na ngao kwenye mnara na Mkuu wa Majeshi akaweka sime, mimi huiona heshima ile kuwa ya haki kabisa. Hata hivyo, natamani hotuba za siku hiyo ziwe na nafasi ya wanawake waliobaki, ambao vita yao haikuisha Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, na ambao sasa wanaondoka mmoja baada ya mwingine bila yeyote kuwauliza waliishije.

Mwaka huu mjukuu wake alikwenda kumwomba baraka za kujiunga na jeshi. Sote tuliokuwapo tulinyamaza tukidhani atamkatalia. "Nenda, mjukuu wangu," alisema, "babu yako angefurahi. Ila kuoa, subiri kwanza urudi."