Mwana Aliyesema Sitaki

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Injili ya juma hili ni Mathayo 21:28-31, habari ya baba mwenye wana wawili. Wote wawili waliambiwa waende shambani. Mmoja akaitikia vizuri, "Naenda, Bwana", asiende. Mwenzake akasema hataki, kisha moyo ukamsuta, akaenda. Yesu hakutoa hukumu mwenyewe. Aliwauliza wasikilizaji ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba, nao wakajibu papo hapo, maana swali hilo halihitaji msomi.

Niliisoma Jumatatu usiku, nikakumbuka friza.

Wiki iliyopita friza ya mama jirani yetu, yule muuza barafu na samaki, iligoma kugandisha. Ni ya mtumba, ilikuja kwa meli ikiwa tayari imechoka. Fundi aliyeitwa ni mwanajumuiya mwenzetu. Akaivuta hadi kibarazani, akaigeuza mgongo, akagonga kompresa kwa mpini wa bisibisi, halafu akaukata ule mrija mwembamba wa shaba kwa koleo. Gesi iliyokuwa imebaki ikatoka, pssss, na kiharufu cha mafuta. Sekunde chache tu, kwisha.

"Hiyo inakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Juu, mwalimu." Akacheka, akaendelea kutafuta pale panapovuja.

Gesi ile mafundi huiita 134. Kilo moja yake ikifika angani, katika muda wa miaka 100 hukamata joto zaidi kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Kinachochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba gesi hiyo ililetwa iwe mkombozi. Kabla yake friji zilitumia gesi ya namba 12, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoboa tabaka la ozoni, ule mwavuli wa angani unaotukinga na miale mikali ya jua. Na habari ya jinsi dunia ilivyoiacha ile namba 12 ndiyo mahali pekee ninapoweza kuonyesha, bila kubabaika, mataifa yote yakienda shambani.

Mwaka 1974 wanasayansi wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi za friji na za makopo ya kupuliza hupanda hadi juu kabisa na kuila ozoni. Walibezwa. Kampuni ya DuPont ya Marekani, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, ilipinga kwa miaka mingi. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walioko Antaktika wakatangaza kwamba kila majira ya kuchipua ozoni iliyo juu yao inapungua vibaya mno. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, ikatiwa saini Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa kulinda ozoni. Aliyeyasukuma mazungumzo yale ni Mwafrika, Mostafa Tolba wa Misri, aliyekuwa akiliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Nairobi. Hata leo sekretarieti ya mkataba huo iko Nairobi, jambo ambalo hatulisemi vya kutosha.

Mwanzoni mwa Machi 1988 DuPont bado walikuwa wakiwaandikia maseneta kwamba hakuna sababu ya kuchukua hatua kali. Kabla mwezi haujaisha, ripoti mpya ya wanasayansi ikiwa mezani, wakatangaza kwamba wataacha kabisa kuzitengeneza gesi hizo. Wapo wanaosema walikuwa tayari na gesi mbadala ya kuuza. Sibishi. Toba nyingi huwa na biashara ndani yake, na injili haituambii huyu mwana wa pili alikuwa akiwaza nini njiani. Inatuambia kwamba alikwenda.

Sasa, kilichomfikisha shambani ni nini? Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo ilipo siri ya jambo zima, na haifanani na yale tunayosikia kwenye hotuba.

Kwanza walianza na kidogo kinachopimika. Mkataba wa 1987 haukusema "tutalinda anga". Ulitaja gesi kwa majina na kusema zipunguzwe kwa nusu kufikia mwisho wa karne. Wataalamu walijua nusu haitoshi. Lakini uliandikwa kwa namna ambayo ratiba ingeweza kukazwa na kuwabana wote bila kila bunge kuanza upya kuridhia, basi wakakutana London 1990 wakakaza, na Copenhagen 1992 wakakaza tena.

Halafu likaja la fedha. India na China zilikataa kujiunga, na tukiwa wa kweli walikuwa na haki: tajiri amekula barafu miaka 50, leo maskini anaponunua friji yake ya kwanza anaambiwa aiache. Basi nchi zinazoendelea zikapewa miaka 10 ya nyongeza, na ukaanzishwa mfuko ambao nchi tajiri zinachangia ili kulipa gharama za kubadili viwanda na kufundisha mafundi. Mfuko ulipopatikana, China ikaingia, na India ikafuata. Mnamkumbuka Zakayo. Yesu alipoingia nyumbani mwake hakusema amejisikia vibaya kwa aliyoyafanya. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu, mtu angeweza kuja kesho yake kuihakiki.

Na kulikuwa na mlango wa kufungwa. Aliyebaki nje ya mkataba hakuruhusiwa kuuziana gesi hizo na walio ndani. Kukaa pembeni ukisubiri wenzako wahangaike ili wewe ufaidi kukawa na gharama. Leo nchi zote za dunia zimo.

Kisha macho. Mwaka 2018 vipimo vya angani vilionyesha gesi moja iliyokwisha pigwa marufuku imeanza kutolewa tena kwa siri. Mwaka uliofuata wanasayansi wakafuata upepo hadi mashariki mwa China. Serikali ikabanwa, na kufikia 2021 iliripotiwa kwamba utoaji wa gesi ile umeshuka. Hakuna aliyeamini neno la mtu tu. Walipima hewa.

Matunda yake? Karibu asilimia 99 ya kemikali zilizolengwa zimeondolewa, na wataalamu wanatarajia ozoni irudi ilivyokuwa 1980 kufikia karibu 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, na karibu 2066 juu ya Antaktika. Wajukuu wetu wataiona, ratiba hiyo ikifuatwa.

Sasa tumtazame mwana mwingine, yule wa "Naenda, Bwana".

Kwenye hewa ya ukaa tumesikia sauti hiyo mara nyingi. Mwaka 1997 mkataba wa kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto ukapitishwa Kyoto: Marekani ikautia saini mwaka uliofuata, haikuuridhia kamwe, Kanada iliridhia, kisha 2011 ikatangaza kujitoa, wala hakuna aliyeidai chochote. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe kiwango hicho kilifikiwa 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mtu amekuunguzia nyumba, anakukopesha mabati. Mwaka 2015 Paris, karibu kila nchi ikaja na ahadi yake mkononi, iliyojiandikia yenyewe. Mkataba wa Paris si bure, umewakalisha karibu wote meza moja na kila baada ya miaka mitano ahadi zinapaswa kupanda. Lakini asiyetimiza hapatwi na lolote, na ahadi zote ukizijumlisha hazifikishi lile lengo la joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5.

Nisiwe mjinga hapa. Gesi za friji zilitengenezwa na kampuni chache unazoweza kuzihesabu, na mbadala ulikuwapo. Hewa ya ukaa imo katika saruji ya kanisa letu, katika daladala, katika mkaa anaochomea samaki mama yuleyule. Huwezi kuwaita wenye viwanda 20 chumbani mkamaliza. Ndiyo maana siamini tena katika mkataba mmoja mkubwa wa kila kitu. Naamini vipande: gesi hii, makaa ya mawe, methani inayovuja kwenye visima vya mafuta, kila kimoja na ratiba yake, mfuko wake, kipimo chake na mlango wake wa kufungwa. Atakayeniita mtu wa imani haba, sawa.

Kipande kimoja tayari kipo, na kilipatikana jirani. Alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya mazungumzo ya usiku kucha, wajumbe wakakubaliana mjini Kigali kuipunguza hata hii 134 na ndugu zake. Nchi tajiri zilianza 2019. Nyingi za kwetu tulitakiwa tusizidishe kiwango kuanzia 2024, kisha tushuke hatua kwa hatua hadi 2045. Wanasayansi wanakadiria kwamba Kigali peke yake inaweza kuiepusha dunia na joto la hadi nusu nyuzi kufikia mwisho wa karne. Hata Seneti ya Marekani, isiyokubaliana juu ya lolote la tabianchi, iliyaridhia marekebisho hayo Septemba 2022, kura 69 kwa 27.

Tulipoisoma injili hii Jumatano tulikuwa nyumbani kwa mama wa barafu, friza ikinguruma nyuma yetu. Zamu ya kushirikishana ikafika kwa fundi. Nilidhani ataruka.

"Mwalimu ananisema mimi," akaanza, watu wakacheka. "Ni hivi. Mashine ya kunyonya gesi ipo, kuna mwenzangu ananiazima. Mtungi mtupu ninao. Ila kuinyonya inakula saa nzima, na kuupeleka mtungi mjini ni nauli. Mama ananilipa friza igandishe. Anga hanilipi mtu."

Kimya. Kwenye mikutano mikubwa swali hilohilo huvikwa suti na kuzungushwa siku 14.

Mama akauliza, "Kwani inaongezeka shilingi ngapi?"

Fundi akataja.

"Punguza," mama akasema. "Na hawa nao wachangie, hiyo hewa siivuti peke yangu."

Fundi akapunguza kidogo, si sana. Katibu wa jumuiya akafungua daftari la michango, akapiga mstari chini ya michango ya msiba, akauliza nani anaanza.