Dado mbili za Fremont Street

Niliondoka Phoenix, Arizona, saa 11 alfajiri kwenda Las Vegas, chupa ya chai ubavuni. Barabara ya 93 inakwenda kaskazini ikipita Wikieup na Kingman, jangwa kulia, jangwa kushoto. Januari ukivuka Mto Colorado kuingia Nevada saa inarudi nyuma moja, kwa hiyo niliongezewa muda bila kuuomba. Ukiwa ndani ya gari pale kwenye daraja, ukuta wa pembeni unalificha Bwawa la Hoover usilione. Niliegesha nikapanda kwa miguu, nikalitazama kwa utulivu. Dakika chache mbele kuna Boulder City, mji uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa hilo. Nevada iliruhusu kasino mwaka 1931, lakini Boulder City kamari ni marufuku mpaka leo. Ni mji mtulivu kabisa, na ukishatoka hapo tu, mabango ya kasino yanaanza.

Sikwenda kutafuta hela. Nilikwenda kujifunza mchezo mmoja, ule wa dado mbili unaoitwa craps, na sababu yake ni ya zamani. Nikiwa kidato cha pili, pale stendi Morogoro, wacheza karata tatu walinipokonya ada ya muhula. Nasema walinipokonya, ingawa niliitoa mfukoni mwenyewe. Tangu siku ile nimekuwa nikitaka kuuona mchezo wa kamari ambao kila kitu kiko wazi mezani, nijue pesa inaondokaje mahali pasipo na mkono wa kuificha karata.

Mume wa dada yangu anafanya kazi kwenye meza hizo, zamu ya usiku, katika kasino ambayo sitaitaja. Alinipokea mlangoni: "Karibu shemeji, pole na safari. Kula kwanza, somo baadaye." Dada alikuwa amepika ubwabwa na maharage. Vyombo vilipoondolewa, shemeji alimwaga maharage makavu mezani yawe chipu, vile vibao vinavyotumika kasino badala ya pesa, akachora mistari kwenye kipande cha boksi.

"Dado mbili zinaweza kuangukia namna 36," alisema. "Katika hizo, saba ina namna 6. Hakuna namba inayoifikia. Sita na nane zina namna 5 kila moja, tano na tisa 4, nne na kumi 3. Ukilijua hilo umeshaujua mchezo, kilichobaki ni maneno tu."

Maneno yenyewe ni haya. Unaweka pesa kwenye mstari ulioandikwa PASS LINE. Rusho la kwanza likitoka 7 au 11, umeshinda. Likitoka 2, 3 au 12, umepoteza. Namba nyingine yoyote inakuwa pointi, na kile kidude cha duara kinageuzwa kutoka upande mweusi wa OFF kwenda mweupe wa ON, kinawekwa juu ya namba hiyo. Kuanzia hapo mrushaji anaitafuta pointi yake kabla saba haijatokea. Hapo ndipo niliposhika kichwa: saba ile ile iliyokuwa rafiki kwenye rusho la kwanza sasa ndiyo adui. Shemeji alinirudisha mwanzo mara nne, maharage yakienda na kurudi, mpaka nikaweza kumweleza mimi.

Usiku tulishuka Fremont Street, mtaa wa kasino kongwe, wenye paa refu la taa juu ya watembea kwa miguu. Tulichagua meza ambayo dau la chini ni dola 10. Shemeji hakucheza, alisimama nyuma yangu tu. Nilitaka kumkabidhi mfanyakazi dola 100 mkononi, shemeji akanigusa bega: "Weka mezani." Hawaruhusiwi kuipokea pesa mkononi mwako, maana kamera lazima iione. Meza ni kama sanduku refu lisilo na mfuniko. Wafanyakazi wawili wanalipa, mmoja amekaa katikati akilinda chipu, na mwingine anashika fimbo ndefu iliyopinda ya kuvutia dado.

Kitu ambacho sikukitegemea ni umoja. Karibu meza nzima huwa upande wa mrushaji, kwa hiyo wageni wasiojuana wanaiombea namba moja. Neno saba halitamkwi dado zikiwa hewani. Bibi mmoja kutoka Hawaii aliyesimama kushoto kwangu alinionyesha pa kuweka mkono usizuie dado, kwa upole kabisa, kama anamwelekeza mjukuu.

Kisha nikakiona nilichokifuata. Katikati ya meza, kwenye dau la kwamba rusho linalofuata litatoa saba, pameandikwa 5 FOR 1. Saba hutoka mara moja katika sita, kwa hiyo anayeshinda angestahili faida ya dola 5 kwa kila dola 1. Ukisoma haraka unaona ndicho wanacholipa. Lakini FOR maana yake dola yako mwenyewe imo ndani ya hizo tano, kwa hiyo faida ni dola 4. Senti kama 17 katika kila dola zimeshaondoka, na maandishi yapo, makubwa, hadharani. Nilisimama nikilitazama neno lile fupi na nikaikumbuka stendi. Mstari wa PASS hauumi hivyo, hapo kasino inakula senti moja na nusu hivi katika kila dola. Na pointi ikishapatikana, ile nyongeza unayoweka nyuma ya mstari inalipwa kwa haki kamili: 10 inalipa 12 kama pointi ni sita au nane, 15 kama ni tano au tisa, 20 kama ni nne au kumi. Dau hilo hata halikuandikwa mezani. Mpaka mtu akuambie.

Nilikuwa nimepoteza 30 fimbo iliponisogezea dado tano nichague mbili. Ni nyekundu, zinapitisha mwanga, kona zake zina makali, na kila moja ina namba ya usajili. Unarusha kwa mkono mmoja, mpaka zigonge ukuta wa mbali. Rusho la kwanza: sita. Nikaongeza 10 nyuma ya mstari. Nane, tano, tisa, nne, halafu tatu na tatu zikalala pamoja, na bibi wa Hawaii akanipigia makofi. Dola 22. Rusho lililofuata 11, dola 10 nyingine. Kisha pointi ikawa nne, nikaongeza tena, na rusho la tatu likaleta tano na mbili. Meza nzima ikanyamaza. Dola 20 zikaondoka.

"Inatosha, shemeji," nilisema. Nilibadilisha chipu nikatoka na dola 82.

Asubuhi shemeji alinipa dado mbili zilizostaafishwa, zimetobolewa katikati zisirudi mezani. Kule Kingman, nikijaza mafuta, nilizitoa mfukoni nikazigeuza juani. Upande wa sita, chini yake moja. Tano, chini yake mbili. Nne, chini yake tatu.