Nilivyokinusuru kifurushi chetu cha kunasa uvujaji wa kumbukumbu

Huu ni mwaka wa tano natunza kifurushi kidogo cha kunasa uvujaji wa kumbukumbu kwenye programu za C, yaani kumbukumbu inayoombwa kisha isirudishwe. Aliyekianzisha alihama kazi, akaniachia faili tatu na ukurasa mmoja wa maelezo. Programu ikiomba kumbukumbu kwa malloc, kinaandika kwenye daftari lake anwani, ukubwa na mahali ombi lilipotokea. Ikirudisha kwa free, kinafuta. Kinachobaki daftarini ndicho kilichovuja.

Mteja wetu alipohamishia seva kuu kwenye Ubuntu 22.04, kifurushi kikagoma hata kukompailiwa. Kilikuwa kimejishikiza kwenye __malloc_hook, ndoano ya kuingilia malloc, na glibc 2.34 (maktaba ya C ya Linux) ya Agosti 2021 iliing'oa ndoano hiyo. Nikaomba ushauri, kila niliyemuuliza akanijibu vilevile: "Kaka, achana nacho, tumia Valgrind," chombo maarufu cha kukagua programu.

Ushauri huo uliniudhi, na unaniudhi mpaka leo. Valgrind naipenda na naitumia. Lakini Memcheck, sehemu yake ya kukagua kumbukumbu, huipunguza programu kasi mara 20 hadi 30, na seva ya kupokea vipimo vya mita haiwezi kuvumilia hilo: mita zinakata mawasiliano kabla hazijajibiwa, na uvujaji wenyewe hauonekani mpaka seva ikeshe siku mbili tatu. AddressSanitizer, chombo kingine cha kazi hiyo, ni nyepesi zaidi, ila inataka programu ikompailiwe upya. Mteja haruhusu kugusa programu iliyokwisha kupitishwa. Anakuruhusu kuizima na kuiwasha, basi.

Nikachagua LD_PRELOAD, njia ya Linux ya kupakia maktaba yako kabla ya nyingine. Unaandika malloc yako, unaitanguliza mbele ya ile ya mfumo, kisha unaitafuta ile ya kweli kwa dlsym, inayotafuta fankshoni kwa jina, na RTLD_NEXT, inayoiambia iruke yako ichukue inayofuata. Kwenye 22.04 ikapita majaribio yote jioni ileile. Nikaipeleka kwenye seva ya akiba, ambayo bado ilikuwa na 20.04, programu ikafa kabla ya kufika main, mahali msimbo wake unapoanzia.

Hapo nilikesha usiku mbili. Nilipofungua gdb, chombo cha kuchungulia ndani ya programu, na kuandika bt, amri ya kuonyesha fankshoni ipi iliitwa na ipi, ya mwisho ikiwa juu, mistari ikaporomoka: calloc, _dlerror_run, dlsym, calloc, _dlerror_run, dlsym, calloc. Maelfu. Kumbe kwenye glibc ya zamani dlsym yenyewe huomba kwa calloc, nduguye malloc, nafasi ya kuwekea habari za makosa. Calloc inayoitwa ni yangu, nayo bado haijaipata ile ya kweli, kwa hiyo inaita dlsym ikaitafute, na dlsym inaomba tena calloc. Staki, nafasi ya kuwekea miito ya fankshoni, inajaa, programu inakufa.

Dawa yake naionea fahari. Nilitenga safu ya baiti 4096 ndani ya maktaba yangu. Ile ya kweli inapokuwa bado inatafutwa, maombi yote yanakatiwa humo, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikianzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 16. Kisha free ikakague: anwani ikiwa ndani ya safu hiyo, irudi kimyakimya. Ukisahau ukaguzi huo, siku moja utaipelekea free ya kweli anwani isiyoijua, nayo itaandika "free(): invalid pointer" na kuua kila kitu. Na realloc, ya kubadilisha ukubwa wa kipande, ikaguliwe vilevile, wengi huiacha.

Printf, ya kuchapisha maandishi, usiiweke kabisa ndani ya malloc, maana nayo huomba kumbukumbu. Mimi naandika kwa write, inayopeleka maandishi moja kwa moja kwenye mfumo, kutoka kwenye bafa (nafasi ya muda) iliyo kwenye staki. Backtrace nayo, inayoonyesha ombi limetoka wapi, inapoitwa mara ya kwanza, hupakia maktaba ya libgcc na kuita malloc, kwa hiyo iite mara moja mwanzoni kabisa, daftari likiwa bado limefungwa.

Gharama? Usiku kama sita hivi, na mabando ya elfu kumi na kitu.

Tukaizima seva kuu, tukaiwasha na kifurushi. Asubuhi ya tatu nikafungua daftari: mahali pamoja pamejirudia mara elfu kadhaa, getaddrinfo, ya kutafuta anwani za mtandao; matokeo yake hurudishwa kwa freeaddrinfo. Kila muunganisho uliposhindikana, fankshoni ilirudi mapema bila kupita kwenye freeaddrinfo. Tukaongeza mstari mmoja juu ya return, ukapitia taratibu za mteja, na tangu hapo seva inabaki kwenye kumbukumbu ileile iliyoanza nayo. Kifurushi sasa nakijaribu kwenye 20.04 na 22.04 kabla sijatoa toleo lolote.